Shingo ya Taisto Yawaka

Nje ya sauna, chumba cha kuoga mvuke wa moto, kando ya bahari ya Turku, Ufini, pana benchi ambalo kila asubuhi ya Februari wazee watatu hunywa kahawa kabla ya kuteremka kuogelea kwenye tundu lililokatwa katika barafu. Leo Taisto, mmoja wao, hakugusa kahawa yake. Mwaka juzi alitibiwa saratani ya tezi akapona. Wiki mbili zilizopita, picha ya PET, ile inayosaka saratani mwilini, ilionyesha shingo na mabega yake yakiwaka, na daktari hakuweza kusema kama ugonjwa umerudi. Kesho angepigwa nyingine.

— Mashine mbovu hiyo, alisema Kalervo, aliyeitwa Fundi Meli. Nipeni bisibisi na nusu saa tu.

— Bisibisi! alicheka Irja, jina la kijiweni Redio. Wanamchoma sindano ya sukari yenye mionzi, mashine inatafuta inakoliwa mwilini. We Taisto, ulikula maandazi?

— Sikuonja kitu, dada.

— Basi ulikula usingizini.

— Si maandazi, alisema Kalervo. Ni ile mianga ya kijani inayocheza angani usiku. Imemwingia shingoni.

— Kupitia wapi, mzee wewe?

— Masikioni! Hana kofia!

— Semeni yote, alisema Taisto taratibu, ila msiseme umerudi.

Pihla, muuguzi aliyejiunga nao siku hiyo, akasogea na taulo lake begani.

— Mzee Taisto, siku ya picha ile ulitoka wapi kwenda hospitali?

— Hapa. Nilizama mara tatu, nipate moyo.

— Hawakukwambia ukae na joto?

— Walisema. Nikakaa saunani!

— Na kuzama, ulimwambia daktari?

— Mwanangu, kuogelea nako ni habari?

Pihla akatabasamu.

— Mwili ukishikwa na baridi, kuna mafuta ya shingoni na mabegani yanayochoma sukari kuleta joto. Kwenye picha huwaka vilevile kama saratani. Sisemi ndiyo hayo. Picha ya kesho itasema, ukienda bila kupoa.

Taisto akashusha pumzi ndefu.

— Sasa, aliuliza Pihla, kama picha ni kesho, mbona leo umevaa chupi ya kuogelea?

Kalervo akavua koti lake. Irja naye akavua shali yake. Punde Taisto alikuwa amezongwa navyo kama mtoto mchanga, simu sikioni, sauti imechangamka:

— Daktari, kuna kajambo sikukuambia.