Mama Zamu Anaiacha Meza ya Mlangoni

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Zamu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jarida hili limewahi kuandaa habari hiyo mara mbili na mara mbili likaifuta, kwa sababu kila alipokaribia kuondoka palizuka hitilafu, na ofisi ikamwomba aongeze mwaka. Safari hii amekataa. Mumewe amefanyiwa upasuaji wa nyonga na anajifunza kutembea upya. Anahitaji mtu wa kumshika mkono asubuhi, si mtu wa kumshika mkono huku sikio liko kwenye simu ya kazini. Tumekubali, ila kwa shingo upande. Anayeandika haya ndiye aliyekabidhiwa kazi zake, na jicho moja liko kwenye skrini ya seva hata sasa.

Wageni hudhani Zamu ni jina la kifungua mimba wake. La, tulimbatiza wenyewe, maana kazi yake imekuwa kugawa zamu. Alianza na nyaya, akitambaa chini ya sakafu ya chumba cha seva, akahamia kwenye diski, kisha akatua kwenye kerneli, yaani kitovu cha mfumo endeshi, pale panapoamuliwa kiini kipi cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kifanye kazi ipi. Picha za eksirei za hospitali tunayoihudumia hazikai kwenye kompyuta ya daktari. Zimehifadhiwa kwenye makabati ya diski yaliyo mbali, na huja kwa mtandao. Kila zinapofika, lazima pawe na kiini cha kuzipokea. Kikizidiwa, daktari hutazama skrini tupu huku mgonjwa amelala mezani.

Labda ndiyo maana hakai kitako. Kiti chake ni cha zamani kuliko baadhi yetu, na kitambaa chake bado kinang'aa. Anafikiri kwa miguu, kikombe cha chai mkononi, kisha anakisahau popote wazo linapomjia. Mhasibu alikuwa akiviokota vikombe hivyo na kuvirudisha jikoni, akidhani tuna wageni wengi. Mama wa usafi naye alishamsihi mara nyingi achague upande mmoja wa ukorido, ili upande wa pili upate kukauka.

Wengi mnamkumbuka kwa ule mwaka tulioongeza makabati ya diski. Tulikuwa tumefanya majaribio kwa kabati moja, mambo yakawa shwari, tukapongezana. Tulipounganisha mengine, picha zikaanza kusuasua na hospitali ikaja juu. Ajabu ni kwamba prosesa ilikuwa na viini tele, na vingi vilikuwa vimelala. Watu wa mtandao waliwalaumu watu wa diski, watu wa diski wakalaumu nyaya, na mkuu wa idara akatulaumu sote bila upendeleo.

Mama Zamu alituita ukoridoni. Alipanga viti mstari mmoja, akasema kila kiti ni kiini na kila mmoja wetu ni kabati la diski. Akatugawia vikombe, akatuagiza tuviweke kwa kanuni ileile tuliyoiandika kwenye kerneli: anza na kiti cha kwanza, kisha cha pili, kisha kinachofuata. Tukatii. Kila mtu alikuwa na vikombe vichache tu, kwa hiyo kila mtu aliishia viti vya mwanzo. Kiti cha kwanza kikafurika hadi vikombe vikaanza kudondoka, na vya mwisho havikuguswa. Hakuna aliyekosea kanuni. Kosa lilikuwa kwamba kila kabati lilianza kuhesabu upya kutoka mwanzo, kana kwamba liko peke yake duniani. Kwa kabati moja tusingeliona hata tungejaribu mwaka mzima.

Dawa aliyoiandika ni rahisi kuieleza: kabla ya kuchukua kiini, kila kabati litazame kwanza kipi kina nafasi. Kuiandika kulimla wiki kadhaa na soli za viatu. Mtaalamu wa eksirei alipompigia kumwambia kwamba siku hiyo hawana lalamiko lolote, alimuuliza kama ana uhakika.

Mwezi uliopita alituita tena ukoridoni. Viti vilevile, vikombe vilevile, lakini safari hii kila kiti kilikuwa mfanyakazi. Kila mmoja aweke kikombe kwa kila tatizo alilopata wiki hiyo, kwenye kiti cha mtu aliyemwendea kwanza. Meza yake iko mlangoni, na kila anayeingia huanzia hapo: printa, nywila, ruhusa ya likizo, hata mhasibu na mipango ya harusi ya binti yake. Vikombe vyote vilikwenda kwenye kiti chake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulimtwika kwa miaka bila kuhisi uzito. Hakutusema. Aliketi kwenye kiti cha pili, kilichokuwa kitupu. Tuliona aibu.

Wiki jana, kwa makubaliano, alibaki nyumbani na simu ikazimwa. Jumatano picha zikakwama. Niliinua simu na kuanza kubonyeza namba yake, nikijua haitalia. Msimamizi wa mtandao aliichukua mkononi mwangu, akasema, “Weka chini. Tuangalie kwanza nani ana nafasi.” Mwenye nafasi alikuwa fundi wa diski, dada anayekaa mwisho kabisa, karibu na dirisha, ambaye wengi tulizoea kumpita. Alikuta kabati jipya limewekwa kwa mpangilio wa zamani, linahesabu kutoka mwanzo. Akalirekebisha, picha zikatembea, mgonjwa akahudumiwa.

Tulipomsimulia Mama Zamu, aliuliza maswali yake yote, akazunguka chumba, kisha akayauliza tena. Nadhani ilimuuma kidogo kwamba tumeweza. Sisi pia ilituuma.

Mama, ahsante kwa viti, kwa vikombe, na kwa kila picha iliyofika kwa wakati. Nenda ukamshike mzee mkono, mtembee taratibu, na chai yako uinywe ikiwa moto. Tunawaombea afya, na siku ndefu zisizo na zamu. Meza ya mlangoni tunaiondoa Jumatatu. Simu yako ikilia, itakuwa ni salamu. Tutakwama, hilo tunalijua, na nina hofu nalo hata ninapoandika. Ila hatutaanza kuhesabu kwako.