Mwalimu Eucabeth, Kondoo wa Mawe na Mlango Uliofungwa

Wapendwa mlioketi, na ninyi mlioegemea ua mkijifanya mnapita tu, haya yatakayosomwa hapa hakuna atakayeyaamini. Marehemu mwenyewe asingetaka muyaamini upesi. Alikuwa mtu wa kuuliza kwanza.

Eucabeth Kwamboka Osoro alizaliwa tarehe 19 Februari 1964 huko Nyacheki, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nyamweya na marehemu Mama Ruth. Ruth alikuwa akivuka kijito, akitoka kuchuma majani chai, uchungu ulipomshika. Ndipo lilipotoka jina Kwamboka, la mtoto wa kuvuka mto. Mdogo wa Ruth, mjomba Mogire, ambaye amepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu hakuna mwingine katika ukoo aliyeiweza, alimbeba siku ya pili. Mtoto hakulia. Alimkazia macho kama askari anayekagua kitambulisho, na mpaka mwisho hakuyalegeza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971. Mwalimu aliposema dunia ni mviringo, darasa zima liliitikia ndiyo. Eucabeth akauliza, "Nani ameizunguka?" Alichapwa, lakini inasemekana mwalimu naye alienda kutafuta jibu. Mwaka 1979, akiwa kidato cha pili, mama yake aliugua, ikabidi arudi nyumbani kulea wadogo zake. Mogire, aliyefika darasa la nne na kuona inatosha, alimfariji kwamba masomo mengi huharibu macho.

Mwaka 1986 Bwana Osoro Angwenyi wa Magwagwa alileta posa, akijisifu kwamba yeye ni mkulima wa chai. Binti alimwomba aoneshe vidole. Vilikuwa na ule weusi wa majani usiotoka kwa sabuni, basi akaketi wazungumze. Walifunga ndoa kanisani tarehe 9 Desemba 1989, wakajaliwa watoto wawili, Lavender na Angwenyi.

Baada ya kozi ya makatekista, mwaka 1998 alikabidhiwa watoto wadogo wa Kigango cha Mtakatifu Ana, Magwagwa, wale wa miaka minne hadi sita. Na hapo ndipo penye maneno.

Zamani watoto walifundishwa sala kwa kuimba kama kasuku. Eucabeth hakuwaamini. "Mtoto akijibu kabla sijamaliza kuuliza," alisema, "hilo jibu si lake." Akaanza njia nyingine. Aliagiza kutoka Tabaka, kwa wachonga mawe, mchungaji mdogo na kondoo wa jiwe laini, wa kutosha kiganjani. Akavitia sandukuni, akavifunika kwa kitambaa cheupe. Watoto walivua viatu, wakaketi mkekani, mshumaa ukawashwa. Kisha alifungua sanduku taratibu, akawasogeza kondoo mmoja mmoja bila kusema neno. Na mlango alikuwa akiufunga kwa ndani.

Mtoto mmoja alirudi nyumbani akamwambia nyanya yake ukweli mtupu: "Mwalimu ana mtu mdogo ndani ya sanduku. Anamfunika na kitambaa. Akimtoa, tunanyamaza."

Jamani. Ukweli huo ulifika sokoni Magwagwa ukiwa tayari umenona. Pale ilisemekana yule mtu mdogo anazungumza. Ulipofika Mosocho, alikuwa anataja majina ya watoto watakaougua. Mwezi wa Agosti 2009 mtoto mmoja akashikwa na homa kweli, na lile neno omorogi, yaani mchawi, ambalo hapa kwetu halisemwi kwa sauti, likaanza kusemwa kwa sauti. Wanawake waliokuwa wakimsalimia Eucabeth kisimani walikumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria motoni. Vijana wakawa wanaulizana nani ana kiberiti, na wote tuliopo tunajua swali hilo halikuwa la sigara.

Osoro aliogopa. "Mama Lavender, twende Nyacheki kwa kaka zako. Hata mwezi mmoja tu."

"Nikiondoka," akajibu, "watasema nimekimbia. Na wale watoto watabaki na hofu niliyowaachia."

"Basi waambie kwa nini unafunga mlango!"

"Wameniuliza?"

Kweli, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kila mtu alijua jibu tayari.

Baraza la kigango lilikutana. Mwenyekiti, Mzee Thadeus, ambaye yupo mbele hapa na koti lake la kahawia, na asiiname, alisema mwalimu aachie kazi kabla ya Jumapili, "kwa usalama wake mwenyewe." Eucabeth akaomba jambo moja: Jumamosi hiyo wanabaraza waje darasani waone, ila waingie kama watoto. Viatu nje, kitako mkekani, mdomo kimya.

Walikuja. Waliingia wakitazamana, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie. Mama mmoja alikuwa ameshika rozari mikono miwili kama mtu anayeshika kamba ya ng'ombe mkali. Eucabeth akafunga mlango, akawasha mshumaa, akafunua kitambaa. Waliinua shingo. Mchungaji wa jiwe. Kondoo wa jiwe. Hakuna aliyezungumza, wa jiwe wala wa nyama.

Akamgeukia mjukuu wa Mzee Thadeus, wa miaka mitano. "Mchungaji anawajuaje kondoo wake?"

Mtoto akawatazama wale kondoo. Akafikiri. Kimya kikawa kirefu, na Mzee Thadeus, ambaye hangevumilia mjukuu wake aonekane mjinga mbele ya baraza, akaanza kunong'ona kwa pembe ya mdomo: "Upendo. Sema upendo. Upendo!"

"Mzee Thadeus," akasema Eucabeth, "tafadhali, nje."

"Mimi? Mwenyekiti?"

"Nje, mzee. Sasa umejua mlango ni wa nini. Wazazi husimama pale wakiwatilia watoto majibu mdomoni. Mungu anamuuliza mtoto, anajibiwa na baba yake."

Mzee alitoka kwa soksi, na soksi ilikuwa na dirisha. Mlango ukafungwa tena. Yule mtoto akaendelea kufikiri kana kwamba babu hakuwahi kuwepo. Mwishowe akamshika kondoo mmoja aliyevunjika mguu.

"Huyu anamjua," akasema, "kwa sababu anachechemea. Anamngojea."

Yule mama wa rozari ndiye aliyeanza kulia.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Hakuna aliyeomba msamaha, na wapo waliovuka barabara wakimwona hata miaka mingi baadaye. Leo wamekuja kula wali wetu, karibuni. Lakini Jumapili ilipita na Eucabeth alibaki na watoto wake. Wiki iliyofuata Mzee Thadeus alileta komeo jipya, akalipigilia mlangoni mwenyewe, akaondoka bila kuaga. Eucabeth alifundisha nyuma ya komeo hilo hadi mwaka 2023.

Mwaka huo ugonjwa wa kisukari, aliokuwa nao kwa muda mrefu, ulifika kwenye figo. Alitibiwa Kisii kwa uvumilivu, akiwauliza madaktari maswali mpaka wakaanza kuja wawili wawili. Aprili mwaka huu, alipoona mwili umechoka, alimwita Mogire akamwambia aandike wasifu mapema na amsomee. Ndugu walishtuka, wakasema huko ni kuita kifo. Yeye akasema, "Kifo kinajua njia. Ninayemwogopa ni mjomba." Akaeleza sababu: "Waliniita mchawi kwa kuongeza chumvi. Msinisafishe kwa chumvi ileile."

Basi akasomewa, mstari kwa mstari, na mengi yalifutwa. Mwalimu Eucabeth alituacha akiwa nyumbani, asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Ameacha mume, Bwana Osoro, watoto, Lavender na Angwenyi, mjukuu, Nyanchera, kaka wawili huko Nyacheki, mjomba mmoja, na wote walioketi mkekani kwake. Bwana aliyemfahamu kwa mwendo wake amfungulie, na amjibu maswali yake yote.

Kipande cha mwisho alisomewa Jumapili, siku mbili kabla hajatuacha, macho akiwa ameyafumba. Mogire alisimama, maana maneno makubwa hayasomwi umekaa: "Na Jumamosi ile, nje ya darasa, mjomba wake alisimama peke yake mbele ya vijana mia mbili wenye mapanga na viberiti, hakutetemeka, akawaambia kwa sauti iliyosikika hadi—"

"Mjomba," akasema Eucabeth. "Siku hiyo ulikuwa Mosocho unauza ndizi."