Ravdna Márjá Balto: Aliyewafundisha Wanasaikolojia Kuuliza

Tuliyemleta leo kanisani Kárášjohka, kaskazini mwa Norwe, mahali alipobatizwa na alipofungia ndoa, ni Ravdna Márjá Balto, mwanasaikolojia tiba, mwalimu, mama na bibi. Wasifu huu unasomwa kwa niaba ya familia na Elle, binti wa kaka yake Ánte.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya mbao iliyokuwa ng'ambo ya mto. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Jovnna Balto, mfugaji wa kulungu wa nchi za theluji, na mama Sunná, fundi wa viatu vya manyoya. Alichelewa kusema, na wazazi walianza kuingiwa na wasiwasi. Siku moja mchungaji wa kanisa alikuja kunywa kahawa, akakaa sana. Mtoto alimkazia macho, kisha akatamka sentensi yake ya kwanza nzima: "Babu, hicho ni kikombe cha tatu." Mama Sunná aliisimulia habari hiyo mpaka uzeeni, na kila mara alifunika uso kwa aibu na kucheka.

Mwaka 1958 alipelekwa shule ya bweni, alikokuwa amemtangulia Ánte. Huko Kisami, lugha yetu sisi Wasami, hakikuruhusiwa, hata kitandani. Mwaka uliofuata alifika mgeni kutoka kusini, mtu wa kupima akili za watoto. Alimwekea Ánte picha za treni, mwavuli na mnara, akamuuliza kwa Kinorwe kila kimoja ni nini. Ánte hakuwahi kuona treni. Tena alikuwa amelelewa kama sisi sote, kwamba mtoto hamrukii mgeni kwa majibu, humtazama kwanza. Basi alimtazama. Mgeni aliandika kwamba mtoto huyu ana akili nzito, na kabla ya Krismasi Ánte alikuwa amepelekwa kusini, kwenye shule ya watoto wa namna hiyo.

Alirudi akiwa na miaka kumi na sita, mrefu, mpole, na Kisami chake kimekwisha. Mama hakujua Kinorwe. Jioni ya kwanza alimpikia bidos, nyama ya kulungu iliyochemshwa na viazi na karoti, na Ravdna akakaa katikati yao.

"Mwambie mwanangu ale," mama alisema.

"Kaka, mama anasema ule."

"Mwambie nimeshiba."

Ravdna alikuwa na miaka kumi na minne. Alimgeukia mama yake, akasema, "Anasema hajala chakula kitamu hivi tangu aondoke."

Mama alilia hata hivyo. Marehemu alizoea kusema kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya saikolojia, na kwamba aliifanya vibaya, kwa sababu alimficha kila mmoja maumivu ya mwenzake.

Alisoma sekondari kwa bidii, akaenda Oslo mwaka 1971, akahitimu saikolojia mwaka 1978. Aliendelea na mafunzo ya ubingwa katika saikolojia tiba, ambayo kwa kawaida mtu huyafanya kazini, chini ya msimamizi. Alipata nafasi katika hospitali moja ya kusini.

Hapo ndipo alipokutana na mjane wa Kisami aliyeitwa Biret. Mama huyu alikuwa amemwambia daktari kwamba marehemu mumewe huja jioni, na yeye humtengea kahawa. Aliulizwa kama humsikia akisema. Akajibu ndiyo. Basi akalazwa, akaanza kupewa dawa kali. Ravdna alikaa naye mchana mzima wakizungumza Kisami, kisha akaenda kwa msimamizi wake.

"Huyu si mgonjwa wa akili," alimwambia. "Kafiwa. Kwetu marehemu akija kwa mjane wake hakuna anayeshtuka. Angekuwa hamsikii ndiyo ningeogopa."

"Wewe ni mwanasaikolojia au ni ndugu yake?"

"Mimi ndiye pekee hapa niliyemwelewa."

"Tia sahihi hiyo taarifa ya ugonjwa wake, Ravdna."

Hakutia. Msimamizi naye akakataa kuuthibitisha muda wake wote aliofanya kazi pale, na ikambidi aanze ubingwa upya mahali pengine. Hilo halikumuumiza kama lile la pili. Biret alitolewa theluji ilipokwisha kuyeyuka, mikono ikitetemeka kwa dawa kiasi cha kushindwa kushika sindano, naye aliishi kwa kushona. Ravdna alimtembelea kila likizo mpaka alipofariki. Aliporudi kutoka mazikoni alikaa ndani ya gari nje ya nyumba yake, na mumewe alitoka na kukaa kando yake.

Mume huyo alikuwa Klemet Hætta, dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa maneno mengi na utani. Walifunga ndoa hapa Pasaka ya mwaka 1980, kijiji kizima kikiwa kimerudi kutoka nyikani na nguo za sherehe zikiwaka rangi kwenye theluji. Mungu aliwajalia watoto wawili, Sunná na Nils. Klemet alipenda kuwaambia wageni, "Mke wangu hulipwa kwa kunyamaza. Mimi nyumbani nanyamaza bure." Naye Ravdna alijibu, "Lini hiyo? Nitajie siku." Klemet alitangulia mbele za haki mwaka 2014. Tangu hapo marehemu alitenga vikombe viwili vya kahawa kila jioni, wala hakumficha mtu.

Familia ilihamia Kárášjohka mwaka 1984, na Ravdna akawa mwanasaikolojia wa kwanza hapa kumhudumia mtu kwa lugha yake. Lakini wenzake walikuja kutoka kusini, wakakaa mwaka mmoja, wakaondoka. Walikuwa vijana wazuri wenye shahada nzuri, na watu wetu waliingia ofisini mwao mara moja tu, wasirudi tena. Mwaka 1996, baada ya miaka mingi ya kuomba na kukataliwa, alianzisha mafunzo ya kuwafundisha wanasaikolojia waliokwisha kuhitimu namna ya kumtibu mtu bila kumvua utu wake na kwao alikotoka. Yaliendelea miaka miwili kwa kila darasa. Wanafunzi walijifunza Kisami, walifanya kazi chini ya usimamizi wake, na walijifunza kukaa. Kwenda nyumbani kwa mtu, kunywa kahawa, kuzungumza habari za barafu ya mtoni na za jamaa, na kungoja mpaka mwenyewe afike kwenye lililomleta.

Si wote walioelewa haraka. Mwanafunzi mmoja, Tiril, binti wa Bergen, alipewa mzee aliyekuwa amepoteza usingizi baada ya mwanawe kujiua. Tiril alisoma sana juu ya joik, ule wimbo wetu wa jadi unaomwimba mtu mwenyewe, tabia na mwendo wake. Akaenda na kanda ya joik, akaifungulia sebuleni kwa mzee. Mzee alisimama, akamfungulia mlango atoke. Alikuwa mlokole wa miaka mingi. Kwake joik ni dhambi.

Tiril alirudi akilia. "Nilifanya kila kitu cha utamaduni wenu, Mwalimu!"

"Ulimuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Utamaduni wake yeye. Umemtibu Msami wa kitabuni, mwanangu. Huyu ana jina, ana kanisa lake, ana mtoto kaburini. Rudi ukaombe radhi."

"Akinifukuza je?"

"Utakuwa umefukuzwa mara mbili. Hutakufa."

Alirudi. Mzee alimwacha mlangoni kitambo, kisha akamkaribisha, na baada ya wiki nyingi za kahawa alianza kumtaja mwanawe kwa jina.

Kwa ajili ya mafunzo hayo marehemu aliunda pia kipimo cha akili cha watoto kwa Kisami, chenye picha za vitu vya kwetu. Jioni moja alikuwa amezitandaza picha mezani akizikagua. Ánte, aliyekuwa amekwisha kujifunza upya lugha ya mama yake akiwa mtu mzima, alikuja kumrudishia msumeno. Akasimama akizitazama.

"Nipime mimi," alisema.

"Kaka, hiki ni cha watoto."

"Na mimi nilikuwa mtoto."

Alivua koti, akaketi. Ravdna alimwonyesha picha moja moja, naye akajibu, polepole, kila moja kwa jina lake na kwa matumizi yake, na ile ya kamba ya kunasia kulungu akaeleza na namna baba yao alivyoikunja. Zilipokwisha, Ánte aliuliza, "Haya, nimepata ngapi?" Dada yake aliziinamia zile picha akilia. Ánte ndiye aliyeinuka akamwekea mkono begani, akasema, "Basi, basi. Tengeneza kahawa." Marehemu hakuandika alama yoyote. Alisema baadaye kwamba hakuna namba iliyostahili kuwekwa pale.

Alistaafu mwaka 2018, akaendelea kufundisha. Watu aliowafundisha wako leo katika zahanati na hospitali za kaskazini yote, na wengine wamekaa humu kanisani.

Mwezi Agosti 2023 alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akidhani ni samaki. Vipimo vya hospitali ya Hammerfest vilionyesha saratani ya kongosho, iliyokwisha kusambaa. Aliwaambia wanawe kwa utulivu, akagawa vitu vyake, akachagua nyimbo za leo. Kila aliyemtembelea alitoka amefarijiwa, na familia ilimsifu kwa ujasiri wake.

Mwishoni mwa Januari alikuja Tiril, ambaye sasa ndiye anayeyaongoza mafunzo yale. Alivuta kiti, akakaa, kama alivyofundishwa. Sunná, bintiye marehemu, alikuwa dirishani. Hatimaye Tiril aliuliza kwa Kisami, taratibu, kwa lafudhi yake ya Bergen:

"Mwalimu, unaogopa?"

Ravdna alimtazama. "Umekosea kitenzi," alisema.

"Nisahihishe basi."

Akamsahihisha. Tiril aliuliza tena, sasa kwa usahihi.

"Ndiyo," alisema Ravdna. "Naogopa sana, mwanangu. Na hakuna aliyeniuliza."

Sunná alitoka dirishani akaja akapanda kitandani, akamkumbatia mama yake, wakalia wote wawili kwa sauti. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemsifu tena kwa ujasiri. Aliposhikwa na hofu alisema, na aliyekuwapo alimshika mkono. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, nyumbani kwake, wanawe wakiwa pande zote mbili za kitanda.

Marehemu ameacha watoto wawili, Sunná na Nils; mkwe mmoja, Ingvild; wajukuu watatu, Jovnna, Máret na Klemet mdogo; kaka yake Ánte; binti wa kaka, Elle; na wanafunzi wengi waliomwita mwalimu.

Ravdna wetu, usiogope sasa. Lala kwa amani katika ardhi ya kwenu.