Mkoba wa Kaime

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haivuki tena moto huu. Shamba la viazi vitamu la kule mtoni ligawanyeni katikati, ugomvi wa mpaka ufe pamoja nami. Nguruwe jike ni wa Klara. Mkoba ule wa nyuzi ukutani, wenye mfuko wa kupulizia hewa na barakoa yake ndogo, ni wa Ambai, kwa kuwa yeye ndiye niliyemfundisha ukunga.

Usigeuze uso, Klara. Najua umeapa dadako hatakuzalisha, ulisema, "Heri nijifungulie kwenye nyasi." Basi sikiliza ulivyozaliwa wewe.

Ulitoka mlegevu, rangi ya majivu. Desturi yetu ilikuwa mtoto haguswi mpaka kondo la nyuma litoke, na bibi yenu akakaa akilingoja. Akaingia Kaime, mkunga wa ng'ambo ya mto, wa ukoo uliotuchomea nyumba. Bibi akamuuliza, "We, nani kakuita?"

"Tutagombana baadaye, mama. Nyinyi ngojeni kondo, mimi namngoja mtoto."

Akakukausha kwa nguo, akakusugua mgongo, akashika kitovu: kinadunda. Hakukupiga, hakukumwagia maji baridi ya mto kama wengine. Alikilaza kichwa chako kama cha mtu anayenusa ua, akakufunika pua na kinywa kwa barakoa, akabonyeza mfuko taratibu, kifua kikainuka, kikashuka, kikainuka tena, hadi ukalia. Ndipo bibi yenu akasema, "Mpeni huyu adui kiazi, ameshinda njaa." Tangu hapo nikawa mwanafunzi wake, na mkoba huo alinirithisha yeye.

Ambai, haraka haraka haina baraka, lakini kuchelewa pia huua, shika katikati. Tazama kifua, usitazame mkono wako. Na mtoto asiyerudi kupumua, mlilie pamoja na mama yake, usimtafutie mchawi.

Pumzi inanipungukia... Klara, unadhani sioni unavyoikumbatia nguzo hiyo tangu nianze kusema? Uchungu haujui viapo. Mpe dadako mkono. Mpe. Hapo.

Nendeni chumba cha pili, mkoba uchukueni. Msikae kunichunga mimi. Anayeondoka njia anaijua, anayekuja ndiye mgeni. Mungu awape mikono mitulivu, na walionitangulia wawasimamie...

Mlango uacheni wazi. Nataka nimsikie akilia.