Ufunguo Uliokuwa Kwenye Leso Yangu

Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Kwaresma, kabla ya saa sita mchana, Fada Silvano alituacha katika hospitali moja huko Kitale. Tumempoteza padri aliyetulea miaka saba katika kigango hiki. Mimi nimempoteza pia mtu pekee aliyejua yote nitakayowaambia leo.

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe, hata na mdomo kama huu wangu. Mwenyekiti aliponiomba nitoe ushuhuda katika misa hii ya kumkumbuka Fada, alisema, "Mama Nekesa, wewe ndiwe uliyeupata ufunguo. Tuambie Mungu alivyotenda." Nimekubali kusimama. Lakini nimeyaandika kwenye karatasi, kwa sababu nikisema bila kuandika nitakwepa. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie.

Vijana hawakuwepo, acha nianze mwanzo. Fada Silvano alizaliwa upande wa Kitale, kwa watu waliotoka mkoa wa kati wakanunua mashamba Trans-Nzoia. Mama yake aliuza maziwa. Alitoka shule akaingia seminari, akapewa upadri, akatumikia huko milimani Cheptais miaka michache. Kisha askofu akamleta parokia yetu, na kigango hiki kikawa chini yake.

Sisi hatukumtaka. Tulitaka mtoto wa nyumbani. Nakumbuka tulikuwa tunapukuchua mahindi kwa Mzee Simiyu, aliyekuwa mwenyekiti wakati huo na yuko hapa leo. Mtu mmoja akasema, "Ati huyu ndiye tumeletewa? Si watoto wetu wamejaa seminari?"

"Ngojeni azoee," mwingine akajibu. "Mtamkuta anapima shamba la kanisa kwa kamba."

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nilikuwa na sababu yangu. Baba yangu alikuwa kibarua katika shamba moja karibu na Kitale. Shamba lilipouzwa, tuliambiwa tuondoke. Mama alinibeba mgongoni, sufuria kichwani, mpaka huku. Nilikua nikiisikia habari hiyo kila msimu wa njaa. Basi nilipomwona Fada Silvano, sikuona padri. Niliona wale walionunua. Na yeye wakati ule wa shamba alikuwa mtoto wa mgongoni kama mimi.

Wazee wakakubaliana kwamba siku atakapokuja kusoma misa, akute kufuli mlangoni. Ufunguo ulikuwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyefagia kanisa.

"Akiuliza?" nikasema.

"Umepotea," Mzee Simiyu akajibu. "Kitu kilichopotea kina mwenyewe?"

Ndugu zangu, hakuna aliyenilazimisha.

Jumapili hiyo Fada alikuja na pikipiki, vyombo vya misa viko kwenye mkoba mgongoni. Alilitazama kufuli, akatutazama, kisha akanijia mimi. "Mayi, nasikia ufunguo huwa kwako." Aliniita mama kwa lugha yetu, na alikuwa hajamaliza hata mwezi kwetu.

"Umepotea, Fada."

Ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yangu, hapa kiunoni. Nikigeuka nausikia ukinigusa.

Fundi mmoja akasema anaweza kulikata kufuli kwa msumeno, kazi ya dakika tano. Fada akakataa. "Nyumba ni yenu. Tukilivunja, mtabaki na mlango mbovu na mtu msiyemtaka." Akaomba meza kwa jirani, akasoma misa barazani, chini ya ukingo wa mabati. Watu tulikuwa kumi na wanne, na wengine walikuja kutazama tu.

Iliendelea hivyo miezi minne, mvua na jua. Na sasa nawaambia jambo ambalo hata wazee hawakulijua. Kila Jumamosi mchana, watu wakiwa sokoni, nilikuwa nafungua kanisa kwa siri, nafagia, napangusa altare, nafunga tena. Sijui kwa nini. Mikono ilikuwa imezoea. Nilimfungia padri wa Mungu nje, halafu nikaingia kumsafishia Mungu nyumba.

Mwezi wa nne wa kufuli, mama yangu aliugua. Ni yule yule aliyenibeba kutoka Kitale. Fada alimtembelea mara nyingi kuliko mimi niliyekaa naye boma moja. Aliketi kwenye kigoda, akala naye mahindi ya kuchoma, mama akamfundisha maneno ya kwetu na kumcheka. Siku moja nilimkuta mama anamsimulia habari ya shamba na sufuria. Niliganda mlangoni. Fada hakujitetea. Alisema tu, "Pole, mayi. Njia hiyo ni ndefu." Mama akamwambia, "Wewe hukuwa na meno wakati huo. Kula mahindi."

Yeye alikuwa ameshasamehe. Mimi ndimi niliyekuwa bado naibeba ile sufuria.

Kabla hajafa aliniambia, "Mnipitishe ndani ya kanisa. Nilibeba mawe ya ule msingi." Nikamwitikia, "Ndiyo, mama."

Siku ya mazishi mvua ilianza asubuhi. Tulifika na jeneza, kufuli likiwa pale pale. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka Lugulu na Kitale. Nilijua wajibu wangu ni kuchukua hatua sita tu na kufungua. Lakini nilikuwa nimesema mbele yao wote kwamba umepotea. Nikawaza, nikiutoa sasa, mbele ya maiti ya mama yangu, nitaitwa nani? Nikanyamaza.

Baraza ni jembamba, mnaliona. Lilitosha jeneza au padri. Fada akasema, "Mama akae pakavu." Yeye akasimama nje kwenye mvua. Katekista alikuwa na mwavuli mmoja, Fada akamwambia akinge kikombe cha kalisi. Alisoma misa yote maji yakimtiririka usoni, na kile kitabu kikubwa cha misa kikilowa mbele yake.

Mama yangu aliombewa nje ya kanisa alilolibebea mawe, na ufunguo uko kiunoni mwangu. Ndugu zangu, mkinisahau kwa lolote lingine, hili msinisahau nalo.

Siku ya nne baada ya mazishi nilitembea mpaka parokiani. Nilimkuta mezani na pasi ya makaa. Alikuwa anakausha kile kitabu, ukurasa mmoja mmoja, anaweka gazeti juu, anapitisha pasi polepole. Nikaweka ufunguo mezani.

"Fada, haukupotea."

"Najua, mayi."

"Nani amekuambia?"

"Sakafu. Jumapili ya kwanza nilichungulia dirishani, imefagiwa. Iliyofuata, imefagiwa tena. Nikasema, huyu ananikataa mimi, lakini Mungu hajamkataa. Nikaamua kumngoja."

Nililia, nikamwuliza mbona siku ya mama hakuniambia mbele ya watu nifungue. Aliiweka pasi chini.

"Siku hiyo nilikosea," akasema. "Nilikuwa najivunia uvumilivu wangu. Ningekuita pembeni nikakuomba. Mama yako alistahili kupita ndani. Nisamehe."

Nilikuwa nimeenda kuomba msamaha, nikaombwa. Sikuwa na mahali pa kuweka uso wangu. Tukasameheana pale, kisha akaniungamisha.

Laiti ningeishia hapo. Jumapili iliyofuata nilifungua mlango mapema, na watu walipouliza nikasema nimeukuta ndani ya gunia la mifagio. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Simiyu akasema Mungu amejibu. Fada alipofika alinitazama, akaingia, akaanza misa. Baadaye aliniambia kwa upole, "Hiyo ya gunia ni mzigo wako, mayi. Utautua siku yako."

Tangu siku hiyo mmeniita aliyeupata ufunguo. Mmenichagua kiongozi wa akina mama kwa ajili hiyo. Fada naye mlimpenda mpaka alipohamishiwa Kitale mkalia barabarani. Huko alifundisha makatekista, akatembelea wafungwa na wagonjwa mpaka figo zilipomwangusha.

Nilienda kumwona Januari. Alikuwa amekonda, mikono ni mifupa. Akaniuliza, "Sakafu ikoje?"

"Ni safi, Fada."

"Na ule mzigo?"

"Bado."

Alicheka kidogo, akafumba macho. Nilimwahidi kwamba kabla ya Pasaka nitakuwa nimewaambia. Nilidhani atakuwepo kusikia.

Ndugu zangu, Bwana ameniokoa na chuki, na leo ananiokoa na uongo. Nashukuru kwa Fada Silvano, aliyeningoja bila kunitangaza. Kama na wewe unabeba ufunguo wa mlango uliomfungia mwenzako, usiogope. Mungu ameshaiona sakafu yako, na anakungoja. Usingoje mazishi.

Juzi nilienda kwa Mzee Simiyu nikamwambia yote, asije akashtuliwa hapa. Alitafuna bua lake la muwa mpaka likaisha. Akasema, "Hata siku ya mazishi nilijua unao. Sikuuliza ili usije ukafungua mlango." Kisha akasema, "Basi tuko wawili."

Jana nilifagia kama kawaida. Nilipomaliza nilifunga kufuli, lakini sikuufunga ufunguo kwenye leso. Nilipigilia msumari chini ya ukingo wa mabati, pale jeneza la mama lilipolala, nikautundika mahali ambapo yeyote anaweza kuufikia.

Leo asubuhi nilipofika, mlango ulikuwa tayari umefunguliwa.