Kitundu kwenye Kiganja cha Kasiano

Kijiwe chetu ni mbao moja juu ya matofali, nyuma ya soko la Muyinga, karibu na birika la kahawa la Klara. Ng'ambo ya njia limesimama katapila la kuchimbia barabara, na udongo chini yake umelowa mafuta pale mpira wa kupitishia mafuta ulipotoboka. Fundi wake ni Kasiano, mwenzetu, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, kama mimi, akarudi amani ilipopatikana. Alhamisi alipitisha kiganja juu ya ule mpira, mashine ikinguruma, akitafuta panapovuja. Kitu kikamdunga, kikaacha kitundu kimoja. Leo Jumatatu yuko hospitalini Gitega, na mkono wamekwisha kuukata. Sisi, kama kawaida yetu, tunajua sababu.

Wa kwanza ni Mugisho, muuza vitenge kutoka Bukavu, tunamwita Docteur.

— Mi nawaambia, ile iko nyoka. Inapenda kulala kwa mashine, inatafuta joto. Voilà.

— Nyoka gani ana jino moja? akasema Venansi, aliyebeba mizigo kwenye mpaka wa Kobero hadi tukamwita jina hilo. Ni kutu hiyo.

— Non! Walichanganya mafuta na ya kupikia, ikageuka sumu.

— Mimi nakaanga kila siku, mbona mikono ninayo? akauliza Klara.

— Basi ni lile shamba barabara inapopita, akasema Venansi. Katapila lilifukua mifupa ya watu. Wenyewe wamechukua mkono.

Hapo hakuna aliyecheka. Nchi hii ina wengi waliolala bila kuzikwa vizuri.

Ndipo akafika mwanamke mwenye kikapu, vumbi hadi magotini. Klara akampa kikombe. Hakunywa.

— Habari zenu. Naitwa Emiliana, mke wa Kasiano. Natoka Gitega.

— Yoo, mama, pole sana, akasema Mugisho. Iko aje?

— Daktari anasema ni mafuta ya mashine. Yanatoka mpirani kwa nguvu kama sindano, yanapenya ngozi, yanaozesha nyama ndani kwa ndani. Nje unaona kitundu tu. Panapovuja panatafutwa kwa kipande cha boksi, si kwa kiganja. Angefika siku ileile, wangeyasafisha.

Niseme ukweli, inaniuma. Kambini dawa hazikuwepo, kwa hiyo aliyeumia tulimcheka mpaka asahau. Tabia hiyo tumerudi nayo. Kasiano alikuja hapa Alhamisi asubuhi akatuonyesha kiganja, hata damu haikutoka. Venansi akamwita bibi harusi mwenye mikono laini. Mimi nikamsogezea nafasi, nikamwambia, "Kaa unywe kahawa, hospitali watakufukuza." Akakaa hadi jioni, kiganja kikivimba, akicheka nasi kwa aibu.

— Alikuwa njiani kwenda hospitali, akasema Emiliana. Ananiambia kuna mtu hapa alimwambia akae. Hataki kumtaja. Ni nani?

Mugisho akainama. Venansi akatazama kikombe chake. Klara alikuwa akinitazama mimi.

Nikafungua mdomo.

— Shemeji, nikasema, umekula?