Mkono wa Konstantino Ndani ya Gunia

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Konstantino Waitara wa Turwa, hapa Tarime. Amefariki Jumanne kwa shinikizo la damu. Tumemzika Alhamisi. Nimelisoma jina lake mara tatu kabla ya kuwasha maiki, na bado sihisi kitu. Mnivumilie.

Konstantino alikuwa mchoma tanuru katika kiwanda cha saruji. Miaka ishirini alichoma kwa makaa ya mawe. Mwaka jana wakafunga mitambo mipya, wakaanza kuchoma maganda ya kahawa. Maganda yale yale tuliyokuwa tunayatupa. Wakuu walitoa miezi mitatu ya majaribio. Moto ukisumbua, wanarudi kwenye makaa, na wakulima wanakosa soko.

Alikuja hapa studio, kofia ya kazi mkononi. "Dada, watangazie. Ganda lililoloa linaua moto." Tangazo hilo nililisoma mimi. Lakini si tunajuana? Watu waliweka makavu juu, yaliyonyeshewa chini. Basi Konstantino akawa anaingiza mkono kwenye gunia hadi kiwiko. Kila gunia, wasikilizaji. Hadi kiwiko.

Siku moja akaja Scola, dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alileta magunia kumi na mawili. Mkono ukatoka na maganda yaliyoloa.

"Dada, haya yarudi."

"Mbele za watu, Konsta? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Yarudi, dada."

Scola akayarudisha. Miezi minane, hadi kaka yake anafariki, hakumsemesha. Tanuru halikuzimika. Majaribio yakapita, na wakulima wanauza maganda mpaka leo.

Jana nilikuwa pale kwenye geti la kiwanda. Scola alifika na magunia kumi na mawili. Petronila, anayepokea mzigo sasa, akaingiza mkono hadi kiwiko.

"Makavu, mama. Mpaka chini."

Scola akaketi juu ya gunia. Hakulia.

"Najua ni makavu," akasema. "Nimeyaanika mwezi mzima. Nilitaka aguse yeye."

Mama Scola, pole. Agness, mjane wake, pole wewe na watoto.

Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna ndugu mmenuniana, msingoje maganda yakauke. Nendeni leo, hata na yaliyoloa.